Figo Imepandikizwa, Swali Limesahauliwa

Kumpatia mgonjwa figo mpya ni kazi kubwa: mtoaji hujitolea, jamaa huchanga, waganga hukesha. Kisha mgonjwa hurejea kwake, na siku moja hushikwa na homa. Je, ni haki jasho lote hilo lipotee kwa kuwa hapana aliyemwuliza kama ameumwa na kupe? Twasema si haki.

Tutazame Marekani, ambako jambo hili limechunguzwa sana. Huko, hasa katika majimbo kama Missouri na Arkansas, kupe hueneza bakteria aitwaye Erlikia. Huleta homa, maumivu ya kichwa na upungufu wa chembe nyeupe za damu. Lakini aliyepandikizwa kiungo hunywa dawa za kupunguza kinga ili mwili usikikatae kiungo hicho, na baadhi ya dawa hizo nazo hupunguza chembe nyeupe. Basi ni rahisi mno kuzisingizia dawa, na kupe akasahauliwa.

Kosa la pili ni kukifanya kipimo kuwa hakimu. Kipimo cha kingamwili mara nyingi hakionyeshi kitu katika juma la kwanza. Kwa mtu ambaye kinga yake imedhoofishwa kwa makusudi, kingamwili zaweza kuchelewa au zisitokee kabisa. Jibu la "hakuna" si ushahidi kwamba ugonjwa haupo. Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kijidudu katika damu, ndicho kifaacho mapema. Tena daktari akishuku Erlikia huanza doksisaiklini pasipo kungoja jibu, maana kungoja kwaweza kuua.

Wala dawa moja haitibu yote. Babesia, kijidudu kingine cha kupe, hukaa ndani ya chembe nyekundu na chini ya hadubini hufanana na kile cha malaria. Doksisaiklini si tiba yake. Huweza kupita hata katika damu ya kuongezewa. Ndiyo sababu mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa mwongozo wa kupima damu ya watoaji katika majimbo yenye ugonjwa huo.

Atasema mtu: hayo ni ya Wamarekani. La, hasha! Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na papasi tunao. Hujificha katika nyufa za nyumba za udongo, huuma usiku na kuondoka. Mgonjwa hana mdudu wa kuonyesha. Homa yake huja, hutoweka, hurudi. Vijidudu vyake hutafutwa kwa hadubini katika damu iliyotolewa homa ikiwa juu. Anayetegemea kipimo cha haraka cha malaria peke yake hataviona kamwe.

Wengine hulalamika kwamba uchunguzi ni ghali. Kuuliza ni bure! Twadai kila aliyepandikizwa kiungo, apatapo homa, aulizwe: Unalala wapi? Unachunga mifugo? Umesafiri wapi? Umeongezewa damu lini?

Nanyi viongozi wa jumuiya, msimwache mgonjwa huyo ajinunulie vidonge dukani. Msindikizeni hospitali siku hiyo hiyo, mkaeleze wazi kwamba anaishi kwa kiungo cha mwingine. Asipoulizwa, semeni ninyi.