Bumu si mshahara, mwanangu



Baada ya kumshukuru Allah na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), leo nasema na nyinyi vijana mnaoanza mwaka wa kwanza chuo, hasa mnaotoka huku kwetu Usevya. Wazazi nao wasome, maana sehemu ya maneno haya ni yao.

Mtausiwa mengi kabla ya kuondoka. Marafiki wabaya, mavazi, swala kugongana na vipindi. Yote ni kweli. Lakini kwa mtazamo wangu, mlango ambao wengi wanaangukia ni mmoja, nao hausemwi sana misikitini: pesa ya kwanza. Bumu.

Hebu tuhesabu pamoja. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 posho ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Pesa hiyo haiji kila asubuhi, inakuja kwa mkupuo. Ukipewa ya siku 60, umeshika 600,000. Sasa wewe uliyekulia Usevya umemwona baba akisubiri msimu mzima wa mpunga ndipo ashike fedha ya maana. Leo una laki sita kwenye simu, una miaka 20, na hakuna wa kukuuliza. Huku nyumbani ukikosekana Magharibi, Isha haijaadhiniwa mama yako ameshaulizwa kama unaumwa. Pale UDOM, katika maelfu ya wanafunzi, unaweza kupotea wiki nzima na mwenzako wa chumbani akadhani umekwenda kwa shangazi.

Kinachofuata nyote mnakijua. Simu mpya, viatu, kuwakaribisha wenzako chipsi kuku ili usionekane umetoka porini. Wiki ya nne unaanza kupiga pasi ndefu: unakula saa kumi jioni, na hiyo ndiyo chai, chakula cha mchana na cha usiku. Wiki ya tano kuna rafiki anakuonyesha mkeka wake ulivyotiki, nawe unaweka elfu tano, kisha elfu kumi. Kamari ni kamari hata ukiichezea kitandani. Wiki ya sita unakopa kwenye programu ya simu, ile mikopo ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu, na usipolipa wanawapigia simu ndugu zako wote mpaka mwalimu wako wa madrasa. Benki Kuu ilitoa orodha ya programu za mikopo zisizo na leseni mwaka 2024, na bado watu wanazipakua. Binti naye hukutana na mtu mzima mwenye gari anayemwambia usijali, mimi nitakulisha. Nisifafanue zaidi, wazazi mmenielewa. Na mitihani ikija, mwenye njaa na madeni anasoma nini? Anavuna sapu, na wengine wanadisko kabisa.

Sasa nyinyi wazazi na ndugu. Samahani, lakini lazima niseme. Kijana hajamaliza mwezi chuoni, simu inaita: mdogo wako hana sare, bibi anaumwa, paa linavuja, wewe si umepata pesa za serikali? Anatuma laki na nusu kwa sababu anawapenda na anaona haya kukataa. Hamjui kwamba amewatumia chakula chake cha siku 15. Kisha yeye akikosa, hawezi kuwaambia, maana mlimwombea dua hadharani na kumwita msomi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni mtu wa kupewa, si wa kuombwa. Bibi akiumwa tuchangishane sisi tuliopo hapa.

Na kubwa zaidi, hiyo pesa si zawadi. Ni deni, na umelitia saini. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka liishe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqarah, inazungumzia deni na kuliandika. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari chache, akawaambia Maswahaba wamswalie wao, mpaka mmoja alipojitolea kulilipa. Tafakari hilo kabla hujanunua viatu vya pili.

Mnaniuliza sana kuhusu riba. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowasumbua Waislamu wengi, iliondolewa mwaka 2021. Yaliyobaki kwenye mkataba usichukue fatwa kwenye maoni ya Facebook, hata hapa kwangu. Chukua karatasi yenyewe, mpelekee mwanachuoni unayemwamini, aisome mbele yako.

Ukipokea, lipa kwanza chumba. Kinachobaki kigawe kwa wiki, kiasi cha wiki moja ndicho kikae kwenye simu, kingine kikae benki pasipo kadi mfukoni. Wiki ya kwanza hiyo hiyo itafute jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wapo MSAUD, na vyuo vingine vina za kwao. Usingoje Ramadhani ndipo wakujue kwenye futari. Aliyefika kabla yako anajua mama ntilie wa bei nafuu, anajua sapu inaepukwaje, na usipoonekana Ijumaa atabisha hodi.

Na sisi tunaobaki tusidhani haya ni ya Dodoma na Dar peke yake. Mpimbwe sasa kuna kampasi ya SUA yenye jina la Mizengo Pinda, na watoto wa watu wanavuka Hifadhi ya Katavi kuja kwetu, hawamjui mtu. Mwenye chumba cha kupangisha, mwenye mgahawa, imamu wa msikiti: mmewauliza wanakula nini wiki ya sita?

Wallahu a'lam.