Musifunike taa ya moteri

Bandugu wa koperative, tunaona kamyoneti zinatoka Tshangalele na samaki kwenda Likasi, taa ya moteri inawaka, shofele ameifunika kwa skochi. Hapana!

Taa nyekundu ya mafuta ya moteri ikiwaka, musimame palepale, muzime, mupime mafuta kwa kijiti chake. Presha ikikosekana, moteri inakufa kwa dakika chache. Ile ya manjano ikiwaka bila kupepesa, mwende polepole mpaka garaji. Kutoa waya wa batri kunazima taa tu, ugonjwa unabaki. Fundi asome kodi kwa skana kwanza. Nayo kodi inaonyesha upande wenye tatizo, si pyesi ya kununua.

Na shofele akisimama kwa taa nyekundu, musimkate mshahara, hata samaki wakioza.