MALEZI: Mtoto Aogopaye Mabadiliko, Shule Inapofungwa

Mnamo tarehe 17 Machi, 2020, Serikali ilitangaza kufunga shule kwa siku 30 kwa ajili ya korona. Wanafunzi wa shule za msingi walirejea madarasani tarehe 29 Juni, baada ya siku zaidi ya 100. Mtoto mwenye usonji, au mwenye hofu nyingi, aliyeahidiwa siku 30 huzihesabu. Ya 31 ikipita, huona ameongopewa.

Basi, ndugu wazazi, maradhi yakizuka tena tusitaje tarehe tusiyo na hakika nayo. Tumwambie kweli, kwa maneno machache: “Shule imefungwa. Itafunguliwa, siku bado hatuijui. Tukiijua tutakuambia.”

Kisha tumpe kisichobadilika: mfuatano wa siku. Abiria wa Goweko, kwenye Reli ya Kati, huenda asijue gari moshi litafika saa ngapi. Lakini ajua kwamba likielekea Tabora litapita Igalula kwanza. Nyumbani kadhalika. Chora picha kwenye karatasi: kuoga, kunywa chai, kuandika, kucheza, kulala. Kila jambo likiisha, mtoto alitie alama. Mama akiwa zamu kazini, baba afuate karatasi hiyo hiyo.

Mtoto akipiga kelele na kujirusha chini, mara nyingi si utundu bali ni hofu, fimbo huizidisha.

Tusingoje tangazo. Tuanze likizo hii, ili karatasi iwe imezoeleka kabla ya shida kubisha hodi.