Kumaliza muda si kukimbia kazi

Ndugu zangu mnaosema diwani wetu "ametukimbia" kwa kutogombea tena, mnamwonea. Kamaliza muda wake. Anayekimbia ni yule anayejiuzulu katikati, kama wale madiwani wa 2017 waliohama vyama "kuunga mkono juhudi za Rais Magufuli". Novemba 26 mwaka ule kata 43 zilirudia uchaguzi, baadhi kwa sababu hiyo, na gharama tukabeba sisi.

Tukumbuke pia kazi yenyewe. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, lakini fedha ziko kwa mkurugenzi wa halmashauri, na mtendaji wa kata hamwajiri yeye. Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu uliposimamishwa 2023, uamuzi ulikuwa wa serikali kuu, ila kina mama wa vikundi walikwenda kugonga mlango wa nani? Wa diwani. Na yote hayo anayafanya kwa posho.

Sisemi asihojiwe. Boma la zahanati tulilolichangia tofali bado halina paa. Kabla hajaondoka, aitishe mkutano wa hadhara, atusomee miradi viporo mmoja mmoja: umeingia bajeti ipi, umekwamia ofisi gani. Huyo mpya aanzie hapo, asije kutuahidi upya tulichokwisha kuchangia.

Mwalimu Nyerere aling'atuka urais 1985 na nchi ikaendelea. Kata nayo itaendelea, mradi sisi wenyewe tuhudhurie mikutano, tusisubiri kulalamika kijiweni.