Kinywa Kinachonuka: Meno Umesafisha, Ulimi Je?

Katika matatu ya asubuhi kutoka Mowlem kwenda mjini, abiria wakiwa wamebanana bega kwa bega, si ajabu kumwona mtu akigeuzia uso dirishani mara tu jirani yake anapofungua kinywa. Hakuna atakayemwambia sababu. Mwenyewe naye aghalabu hana habari, kwa kuwa pua huzoea harufu ya mwili wake. Nyani haoni kundule.

Wengi hudhani harufu hiyo hutoka tumboni. Mara nyingi sivyo. Chanzo kimo kinywani, hasa nyuma ya ulimi, katikati ya meno na kwenye fizi. Vijidudu hula mabaki ya chakula, kisha hutoa gesi yenye salfa, inayonuka kama yai viza. Ule utando mweupe au wa manjano ulimini ndio ukoga, na humo ndimo vinamojificha.

Mate ndiyo yanayosafisha kinywa. Usiku hupungua, ndiyo maana kila mtu huamka na harufu. Hupungua pia kwa asiyekunywa maji ya kutosha, anayelala mdomo wazi, anayevuta sigara, anayelewa pombe au anayetafuna miraa.

Jipime leo. Kwangua nyuma ya ulimi taratibu kwa kijiko safi, ngoja kidogo, kisha unuse.

Ukipata jibu usilolipenda, fanya hivi:

Piga mswaki mara 2 kwa siku, dakika 2 kila mara, kwa dawa ya meno yenye floridi. Wa usiku usiuache kamwe. Mfereji ukikauka, kikombe kimoja cha maji kinatosha.

Kwangua ulimi kila siku, kutoka nyuma kuja mbele, kisha usukutue.

Katikati ya meno pitisha uzi wa meno. Njiti ya kiberiti huumiza fizi.

Peremende huficha harufu kwa muda mfupi tu, na ile yenye sukari huwalisha hao hao vijidudu.

Hali isipobadilika baada ya wiki 2, au fizi zikitoka damu, muone daktari wa meno. Utando mweupe, hasa kwa mtoto mchanga au mtu mwenye kinga dhaifu, huenda ukawa ni kuvu, na una dawa yake. Mgonjwa wa kisukari akinuka kinywa kama matunda, huku akitapika na kuhema, mkimbize hospitali mara moja.

Nawe mume, nawe mke, usimwache mwenzako achekwe chamani na kanisani. Mwambie kwa upole mkiwa wawili, watoto wakiwa wamelala. Aibu ya dakika moja chumbani ni nafuu kuliko ya miaka barazani.