Siri gani hii inapitia kwa supavaiza?

Wasee, tuambiane ukweli. Kampuni imebandika karatasi pale kwa lifti: ushauri nasaha bure, siri asilimia 100. Poa. Lakini ukitaka kwenda, kwanza ujaze fomu kwa HR, uandike sababu, halafu supavaiza aweke sahihi ndio utoke zamu. Hapo siri imebaki wapi? Mimi niliuliza tu utaratibu, kesho yake timu nzima ya kupokea simu inaniuliza kama niko sawa. Na hata kaunsela sijamwona!

Halafu wanalia ati vijana hatuendi, ati hatujali afya ya akili. Zii. Tunajali sana, ila ukiwa na kandarasi ya miezi 3, uvumi kidogo tu unatosha usiongezewe nyingine.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya yako, hata ya akili, kuwa data nyeti. Kwa hivyo kabla hujafungua roho, muulize kaunsela: ripoti unayompelekea mwajiri ina majina ama ni idadi tu? Na nyinyi HR, tupeni namba yake tumpigie wenyewe, na simu zetu, saa zetu. Hiyo fomu kaeni nayo.