Tope la Gowanus na Maziwa ya Singida

Singida Mjini ina maziwa mawili mlangoni pake, Singidani na Kindai, na maziwa hayo yana tabia moja impasayo kuikumbuka kila mtu azungumzaye habari za viwanda katika mji huu: hayana mto utokao. Maji ya mvua huingia, jua huyakausha, chumvi hubaki. Na chochote kiingiacho pamoja na mvua hubaki vile vile, kikalala katika tope la chini.

Twayasema haya kwa kuwa huko Brooklyn, katika mji wa New York, inafanyika kazi ambayo yafaa itazamwe na watu wa hapa. Upo huko mfereji uitwao Gowanus, urefu wake kama kilometa 3, uliochimbwa katika karne ya 19 mahali palipokuwa na kijito. Kandokando yake vilijengwa viwanda vitatu vya kutengeneza gesi ya taa na ya kupikia. Gesi hiyo haikutoka ardhini kama ile ya Songo Songo au Mtwara. Makaa ya mawe yalitiwa ndani ya tanuri zilizofungwa pasipo hewa, yakachomwa mpaka yakatoa gesi, na nyuma yake ikabaki lami nyeusi, nzito, yenye sumu. Lami hiyo ni nzito kuliko maji, kwa hiyo huzama. Ilizama katika mfereji na katika udongo, na mahali pengine imekutwa zaidi ya mita 30 chini ya ardhi.

Viwanda hivyo vimekwisha kufungwa miaka mingi. Faida iligawanywa zamani na wenye hisa, mishahara ya wachochea makaa ililiwa zamani, hata taa zenyewe zilizimwa umeme ulipoenea. Lami haikwenda popote. Na tuangalie kwamba Gowanus hupokea maji kupwa na maji kujaa kutoka baharini kila siku, walakini bahari hiyo haikuweza kulisafisha tope lake.

Mwaka 2010 serikali ya Marekani iliuandika mfereji huo katika orodha ya mahali palipochafuka kupita kiasi. Mwaka 2013 ikatoa mpango wa kuusafisha, kwa makadirio ya dola milioni 506. Kuzoa tope kulianza Novemba 2020, na gharama sasa yahesabiwa kuwa imepita dola bilioni moja. Mitambo huzoa tope laini la juu. Mahali palipoingia lami katika udongo wa chini, udongo huo huchanganywa na saruji ukashikamana. Kisha hutandazwa kifuniko cha matabaka: udongo wa kunyonya sumu, mchanga, na juu yake mawe ya kuzuia mmomonyoko. Hata baada ya hayo yote kitabaki kitu cha kulindwa, kwa maana sumu iliyofunikwa si sumu iliyoondolewa.

Nani alipaye? Hapa ndipo penye jambo. Kampuni ya National Grid ilimnunua mrithi wa kampuni ile ya gesi mwaka 2007, na pamoja na mabomba na wateja ikanunua deni la tope. Sheria ya Marekani ya mwaka 1980 humfuata mwenye mali hata akibadili jina. Mji wa New York nao umebanwa, kwa kuwa maji machafu yake huingia katika mfereji huo huo.

Wapo wasemao kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Na watazame Mombasa. Katika kijiji cha Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu madini ya risasi mwilini. Aliyepiga mbiu ni mfanyakazi wa kiwanda hicho hicho, Bi. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mchanga aliugua. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Hukumu ikakatiwa rufaa, na ni Desemba 2024 tu ndipo wakazi walipopata ushindi katika mahakama iliyo ya juu kuliko zote. Miaka kumi kamili, na wengine waliofungua madai hawakuwa na miaka kumi ya kungoja.

Sisi hatuvipingi viwanda. Mji huu unavitaka, na mkulima wa alizeti anavitaka kuliko mtu yeyote. Lakini hapa tope halilali chini siku zote. Kiangazi maziwa hurudi nyuma, ufuko hukauka, na upepo wa Singida, ambao hakuna mwenyeji asiyeujua, hulichukua vumbi hilo mpaka majumbani. Sumu ambayo Brooklyn imelala chini ya maji, hapa ingeingia vifuani mwa watoto.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 haina upungufu katika jambo hili. Yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Yasema achafuaye alipe. Tena yaruhusu mwenye kiwanda kidhuricho atakiwe kuweka fedha za dhamana. Fedha za dhamana hutolewa siku ya kufungua, mwenye mali akiwapo na akiwa na haja ya kibali. Siku ya kufunga, mlangoni hukutwa mlinzi tu.

Kwa hiyo twataka mambo mawili. Tope la Singidani na Kindai lipimwe sasa, na matokeo yabandikwe mahali pa wazi, ili asije mtu kesho akadai kwamba aliyakuta maziwa hivyo. Na kila chama cha wafanyakazi kitakachoketi na mwenye kiwanda kipya kuzungumza habari za mishahara, kiulize katika kikao hicho hicho takataka za kiwanda zitakwenda wapi, na dhamana imewekwa kiasi gani.